Mzee na Setilaiti Zake Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa nyumbani kabla sijaketi. Nilikuwa nimejiandaa kama bibi arusi. Nywele zimesukwa zikang'aa, mikono na miguu imepakwa mafuta ya mgando hadi kwenye visigino, na marashi kidogo nyuma ya masikio, kwa sababu mama yangu alinilea nikijua kwamba mtu haingii ofisi ya watu akinuka moshi. Mzee mmoja mrefu, mwenye koti jeupe na kofia ya nailoni iliyomfunika hadi kwenye nyusi, alinisimamisha mlangoni. Akanusa hewa mara moja tu. Akaniambia niende nikaoge kwa sabuni isiyo na harufu, nirudi kesho nikiwa nimepauka.

Nilimuuliza nipauke namna gani.

"Kama mtoto ametoka kucheza kwa vumbi," alisema, akafunga mlango.

Nilishuka ngazi za lile jengo la Upper Hill nikimtukana kimoyomoyo. Mimi nina hasira za karibu, watu wangu wote wanajua, na siku hiyo niliapa kwamba sitamkanyagia yule mzee ofisini mwake tena. Kesho yake nilikuwa pale mlangoni alfajiri, nimepauka kama mwiko.

Sababu yake niliielewa baadaye. Kampuni yetu, ndogo, yenye watu wachache kwenye orofa moja, ilikuwa ikitengeneza setilaiti ya ukubwa wa mikate miwili iliyopangwa pamoja. Setilaiti huundiwa kwenye chumba tulichokiita chumba safi, na Mzee ndiye aliyekuwa mwenye chumba. Huko juu inakokwenda hakuna hewa, na mafuta hayakai palipopakwa. Yanafuka polepole, na mvuke wake hutafuta mahali pa kutua. Mahali unapopapenda zaidi ni kwenye kioo cha kamera. Alama ya kidole cha mtu aliyejipaka losheni asubuhi yaweza kuitia kamera ukungu ambao hakuna mtu atakayepanda kwenda kuupangusa.

Kwa hiyo sisi, watu wa mambo ya anga, tulikuwa watu waliopauka kuliko wote Nairobi. Julai baridi ikishika, mikono yetu ilikuwa kama ubao wa darasani baada ya hesabu. Mama yangu alipokuja kutoka Vihiga kuniona, aliitazama miguu yangu, akaingia jikoni, akasonga ugali wa watu wanne na kuketi akinitazama nikila. Aliamini mji umenishinda. Kanisani nako, dada mmoja aliyekaa kando yangu alinipitishia chupa ya losheni katikati ya mahubiri, macho yake yakiwa kwa mhubiri, kama mtu anayepitisha sahani ya sadaka. Niliipitisha mbele. Alinionea huruma hadi amina ya mwisho.

Kazi yangu ilikuwa nyaya. Nilisomea umeme chuo cha ufundi, lakini kilichonipa nafasi ile ni vidole vya mama yangu, ambaye ni fundi cherehani na alinifundisha kushona kabla sijajua kusoma. Nyaya za setilaiti hufungwa mafungu mafungu kwa uzi uliotiwa nta, fundo baada ya fundo, zisije zikalegea roketi inapotikisika. Mzee alikuwa akija nyuma yangu, mikono mgongoni, akiyatazama mafundo yangu bila kusema lolote. Asiposema lolote ujue ameridhika. Ilinichukua muda kulijua hilo, na katika muda huo nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Mwingine wa kumtaja ni mama wa lenzi. Huyu alikuwa mama wa Parklands, Mhindi, aliyezaliwa huku na wazazi wake wakazaliwa huku, na babu yake alikuwa na duka la miwani katikati ya mji. Alikua akicheza na vioo. Kamera ya setilaiti ilikuwa yake, na kwenye chumba safi ilikuwa sheria kwamba hakuna mtu anayegusa kamera, wala kitu chochote kando ya kamera, isipokuwa yeye. Mimi nilimwita Anti. Alikuja kazini na gari lake dogo, na kwenye buti mlikuwa na chakula cha kutulisha sote, hamna hata chembe ya nyama ndani yake. Yeye na Mzee waligombana kila siku ya Mungu kuhusu chai. Yeye aliichemsha na tangawizi na iliki na vitu vingine alivyovitoa kwenye kopo. Mzee, aliyezaliwa na kuzeekea Kabiria kwenye shamba la baba yake, alitaka chai ya maziwa tu, nyeupe, isiyo na vituko. Alisema ile ya Anti ni dawa ya kifua. Anti alisema ile ya Mzee ni uji wa mtoto.

Nilipokuja kulalamika kwamba chumba nilichokuwa nikipanga kilikuwa mbali na maji hayafiki, ni Mzee aliyeniambia kwamba ana nafasi kwake. Hivyo nikawa mpangaji wake Kabiria. Ana vyumba vya mawe vilivyojipanga upande mmoja wa kiwanja, nyumba yake upande wa pili, na nyuma kuna sukuma wiki na ng'ombe wawili waliobaki tangu shamba lilipokuwa shamba. Huko nyumbani hakuwa mtu yule yule. Alivaa gambuti na fulana iliyotoboka, akaimba akikamua. Na mke wake, ambaye sisi wapangaji wote tulimwita Mama, alikuwa mtu wa kukufanya uchelewe kazini kwa maneno matamu tu.

Setilaiti ya kwanza ilienda nikiwa bado mgeni kazini. Ilirushwa kutoka nchi ya mbali, tukaitazama kwenye skrini, watu wakakumbatiana. Kisha ilitakiwa kuongea. Setilaiti ikishaachiliwa huko juu huamka yenyewe, hukunjua antena yake, na kila inapopita juu ya Nairobi hutoa sauti fupi fupi, kama kifaranga, ili walio chini wajue iko hai. Antena yetu ya kuisikilizia ilikuwa juu ya paa la lile jengo. Tulisikiliza. Ikapita, kimya. Ikazunguka dunia ikapita tena, kimya. Mzee alikataza mtu yeyote kusema kwamba imekufa. Kwetu alikuwa yeye, hakuwa kitu, na Mzee alituambia tuseme hajaamka. Tulisema hivyo wiki kadhaa, sauti zetu zikipungua, hadi siku moja hakuna aliyesema tena. Mpaka leo hatujui kilichompata. Labda antena iligoma kukunjuka, labda betri. Huwezi kumtuma fundi akafungue mfuniko aangalie.

Mzee hakulia. Aliendelea kufika kazini, kunusa watu mlangoni, kutazama mafundo yangu. Lakini chai yake ilikuwa ikipoa mezani, na Anti aliacha kumchokoza, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo si mazuri.

Kabiria nilikuta jambo jingine. Siku moja nikianika nguo, Mama akaja kunishikia vibanio. Tukapiga soga. Akanisimulia kwamba kabla ya yule wa kwanza kwenda, alitaka kuja na kina mama wa kanisa waiombee setilaiti, hata kwa kusimama nje ya kioo cha chumba safi. Mzee alikataa. Mzee ni mzee wa kanisa kwelikweli, lakini alimwambia kile ni chuma na skrubu, si mtoto wa kupelekwa madhabahuni. Mama alisimulia akicheka, bila kinyongo. Kisha akaniuliza, "Na yule wa kwanza, mami, bado anapiga picha?"

Nilibaki na shati mkononi. Mzee alikuwa akipita na ndoo ya maji. Hakunitazama.

"Yuko kazini," alisema.

Mama akaridhika, au niliona kama ameridhika, akanipa kibanio kingine.

Mimi sijui kudanganya. Uso wangu hunisaliti hata nikitaka kumsifia mtu kofia mbaya. Nilimfuata Mzee hadi kwenye zizi, nikamwambia kwa adabu, lakini nikamwambia, kwamba mimi sitaki kuwa shahidi wa uongo ndani ya boma ninalolala. Alimimina maji yote kwanza. Akasema kwamba kila alipojaribu kumwambia Mama alimwona akiuliza, hata kama hangeuliza, kwa nini alikataa maombi. Kwamba alifika nyumbani siku ile ya kimya akiwa ameamua kusema, akamkuta anamwambia jirani kwa furaha kwamba mtoto wa Mzee yuko angani, na maneno yakamkwama. Na uongo huo ukishauanza, akasema, kesho yake unakuamkia ukitaka kulishwa.

"Huyu wa pili tunayemuunda akiongea, nitamwambia yote," alisema. "Siku hiyo hiyo."

Nikamuuliza, na asipoongea? Alikuwa amebakiza kazi ya setilaiti hiyo moja tu kabla ya kustaafu.

"Basi nitastaafu na uongo," alisema, akamsukuma ng'ombe apishe.

Tangu siku hiyo kila fundo nililofunga lilikuwa na Mama ndani yake. Nilifunga, nikafungua, nikafunga tena. Nilikuwa nikipita kiwanjani kwa haraka kama mtu anayedaiwa kodi, ili nisiulizwe habari za yule aliye kazini.

Kazi ya yule wa pili iliisha vizuri. Siku ya kufunga sanduku ilifika, na kesho yake lori lilikuwa lije kumpeleka uwanja wa ndege. Desturi ni kwamba kabla ya sanduku kufungwa tunazima taa za chumba na kummulika kwa taa ndogo ya mwanga wa zambarau, ambayo huonyesha uchafu usioonekana kwa macho. Kazi hiyo nilipewa mimi. Nilimulika upande wa betri, safi. Upande wa antena, safi. Nikaja upande wa kamera.

Kando kidogo ya lenzi, palikuwa na msalaba. Mdogo, uliochorwa kwa kidole, uking'aa.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikausogeza mwanga. Ulikuwa msalaba, na upande wa pili palikuwa na mwingine, wa haraka haraka, mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Nilijua harufu yake kabla hata sijainama. Mafuta ya zeituni, yale ya upako, ambayo kanisani wanakupaka kwenye paji la uso ukiwa mgonjwa au ukisafiri. Na asubuhi hiyo chumba kilikuwa kimeingiwa na watu watatu tu. Mimi, Anti ambaye hana habari na mafuta ya upako, na yule aliyewahi kumrudisha nyumbani mhasibu mzima aliyekuja kutazama kwa dakika mbili, kwa sababu alikuwa amejipaka mafuta ya midomo.

Nilitoka. Nilikuta Mzee kwenye benchi la nje, amekaa na kofia yake mapajani, na nilipomwona amekaa vile hasira zote zikaniishia.

"Mzee, kuna mafuta kwa mtoto," nilisema.

"Ni mimi." Aliigeuza kofia. "Yule wa kwanza sikumuombea. Mama alitaka, nikakataa, nikasema ni chuma. Huyu singeweza kumwacha aende hivyo tu."

Sikujua nimpigie kelele au nimkumbatie. Alikuwa amefanya kosa ambalo angemfukuzia mtu yeyote, na amelifanya karibu na lenzi, pahali pabaya kuliko pote, kwa sababu alitaka kumpaka usoni na kwa hesabu yake uso ulikuwa ni ile kamera. Nilimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba naweza kupangusa sasa hivi na spiriti, watu wakaendelea na kazi zao. Alikataa. Kando ya kamera hagusi mtu isipokuwa mwenyewe, alisema. Akainuka, akaenda hadi kwenye meza ya Anti, akamweleza. Nilisimama nyuma yake.

Anti alivua miwani. Aliipangusa kwa pembe ya shali yake, muda mrefu, kuliko miwani yoyote inavyohitaji. Kamera ile aliibeba miaka, nami nilijua ana mdomo. Nilingoja mdomo.

"Umepaka wapi?" alisema. "Twende unionyeshe. Na wapi tena? Yote, Mzee, usifiche."

Walikaa mle ndani hadi jua likaanza kuinama upande wa Ngong. Anti alipangusa kwa vijiti vyenye pamba na spiriti, kila kijiti mpapaso mmoja, kinatupwa, kingine. Mzee alimshikia taa ya zambarau. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka na mwanga ukicheza ukutani, na nje ya kioo nilimsikia Anti kupitia kispika akimwambia, "Shika vizuri, Mzee. Ukitetemeka mimi sioni." Akamshika kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akaendelea kupangusa kwa wa kulia. Kisha akatafuta tena mara nyingine, na nyingine, hadi akasema hamna.

Nilidhani yameisha. Anti akatoka, akavua glavu, akamwonyesha Mzee pahali pa kusimama, mbele ya kioo.

"Sasa omba," alisema. "Hapa nje. Mafuta hapana, maneno sawa."

Mzee aliomba kwa Kikuyu, nami sijui Kikuyu zaidi ya kununua viazi. Aliomba kirefu. Anti alisimama kando yake, viganja vimekutana kifuani, midomo ikicheza na yake mwenyewe. Mimi niliomba kwa Kilogoli kama mama yangu, kwa haraka, nikimkumbusha Mungu mambo ya nyaya, kwa sababu hizo ndizo nilizokuwa nazijua.

Asubuhi yake lori lilikuja. Tuliteremsha sanduku, likafungwa vizuri ndani ya lori, dereva akawasha injini. Anti akamwambia angoje. Akatoa mfuko kwenye gari lake, akainama, akaweka ndimu moja mbele ya kila gurudumu. Kwao hufanywa hivyo chombo kinapoanza safari, magurudumu yazikanyage ndimu na mabaya yaishie hapo. Nilimtazama Mzee kwa pembe ya jicho. Mambo kama hayo yeye huyaita ushirikina, na ana mahubiri yake kabisa juu yake, niliwahi kuyasikia yote siku mpangaji mmoja alipofunga uzi mwekundu mlangoni. Alizitazama ndimu. Moja ilikuwa imebingirika kando, gurudumu lingeipita. Mzee akaisukuma kwa ncha ya kiatu hadi ikakaa sawa.

"Hiyo ilikuwa imetoka," alimwambia Anti, akarudi nyuma kulipisha lori.

Siku ile nilianza kumpenda kwa dhati, na sikuacha.

Kisha ikawa kungoja. Mtoto alirushwa, akaachiliwa, tukaambiwa kwamba yuko kwenye njia yake. Alipopita mara ya kwanza juu ya Nairobi ulikuwa mchana wa mawingu, sote tumejibana kwenye chumba kidogo cha chini ya paa, mimi kwenye kiti cha mbele kwa sababu sikuweza kukaa nyuma ya wengine. Kwenye kispika palikuwa na mvumo tu, kama jiko la gesi lililowashwa mbali. Akatokea kusini, akapita, akazama kaskazini. Kimya. Aliporudi jioni, kimya. Akilini nilikuwa namwona Mama pale kiwanjani akishika vibanio, akiuliza, na Mzee akimjibu hivyo hivyo hadi uzee umchukue.

Anti alienda kwenye jiko letu la ofisi. Aliporudi alikuwa na kikombe cha chai nyeupe pe, maziwa matupu, bila tangawizi, bila chochote. Alimpa Mzee. Mzee aliinywa yote.

Kesho yake, asubuhi ya jua, ndege wa Upper Hill wakipiga kelele juu ya paa, alipita tena. Kwanza mvumo. Kisha nikaona mstari mwembamba ukijichora kwenye skrini, ukikatika, ukirudi, na sauti ikaja, ndogo, fupi fupi. Watu walianza kupiga mayowe. Mzee akainua mkono, wakanyamaza.

"Hakikisha ni wetu," aliniambia. "Huko juu kuna wa watu wengi."

Ni kweli, wako wengi, na watu wamewahi kushangilia mtoto wa jirani. Kila setilaiti hutuma jina lake katika zile sauti. Nilisoma herufi moja moja zilivyokuja kwenye skrini, nikazisoma tena kwa sauti.

"Ni wetu, Mzee. Anaongea."

Sasa watu walipiga mayowe wanavyotaka. Anti alinikumbatia hadi miwani yake ikaniumiza shavu. Nitasema hapa, nisije nikasahau, kwamba picha ya kwanza ya mtoto wetu ilikuja wiki kadhaa baadaye, ikiwa safi kabisa, isiyo na ukungu wala doa, na ilikuwa ya mawingu matupu kutoka pembe hadi pembe, na Anti aliitundika ukutani kama picha ya harusi. Lakini asubuhi ile Mzee hakushangilia. Alisubiri hadi sauti ilipozama. Akavua koti jeupe, akalikunja, akaniangalia.

"Twende nyumbani," alisema. "Nilisema siku hiyo hiyo."

Nilitaka kumwambia anaweza kungoja jioni, anywe chai, afurahi kwanza. Lakini Anti alikuwa ameshachukua funguo za gari, na njia nzima hadi Kabiria hakuna kati yetu aliyewasha redio.

Mama alikuwa kiwanjani akichambua sukuma wiki kwenye beseni. Alipoona gari, na Mzee kurudi saa za kazi, na mama wa Kihindi ambaye alikuwa hajawahi kumwona, alisimama akajipangusa mikono kwa leso. Alitukaribisha ndani. Mzee alisema hapa hapa panatosha. Alisimama mbele yake kama mtu aliyeitwa mbele ya wazee wa kanisa. Akamwambia kwamba yule wa pili ameongea asubuhi hii. Mama akaanza kufurahi, na Mzee akamwomba angoje. Akamwambia kwamba yule wa kwanza hakuwahi kuongea, hata mara moja. Kwamba alikufa siku aliyofika huko. Kwamba miaka hii yote alipokuwa akisema yuko kazini, alikuwa akidanganya, na mbaya zaidi ni kwamba alimnyima maombi.

Mama hakushtuka. Alimtazama kwa upole ambao sijui nitauelezaje, upole wa mtu aliyekuwa akingoja mgeni kwa muda mrefu na sasa anamwona langoni.

"Nilijua," alisema. "Ile siku ulikamua ng'ombe na viatu vya ofisi. Lakini ningekupa pole aje, na hujaniambia?"

Kisha akafanya jambo ambalo nimeliona kwenye matanga mengi na sijawahi kuliona likifanywa kati ya mtu na mumewe. Alijifunga leso vizuri kiunoni, akamwendea, akampa mikono yote miwili, akainamisha kichwa kidogo, kama tunavyowapa mkono waliofiwa.

"Pole, mzee wangu. Pole kwa mtoto."

Mama akasogea pembeni, kama inavyotakiwa, kumpisha mwingine. Anti akanitazama. Sikujua kama kwao hufanywa hivyo, lakini hakuhitaji kuambiwa. Alijivuta shali kichwani, akaenda, akampa mikono yote miwili. Nikapanga mstari nyuma yake, na zamu yangu ilipofika Mzee alikuwa analia, nami sikumwambia anyamaze.